Pima ganda la yai, usitegemee kioo cha mashine peke yake

Wewe uliyenunua mashine ya kutotolesha juzi, kuna jambo nataka ulijue kabla hujapoteza mayai kama nilivyoyapoteza mimi. Namba inayowaka kwenye kioo cha mashine ni joto la hewa. Kifaranga anakulia ndani ya ganda, na joto la ganda linaweza kupishana na la hewa kwa digrii nzima na zaidi.

Nilianza na mashine ya mayai 528. Nikaiweka 37.7 kama nilivyoelekezwa, nikaiacha hivyohivyo hadi mwisho. Alfajiri ya siku ya 20 nikakuta vifaranga wengi wameshatoka na kukauka, nikafurahi sana. Nilipoanza kuwaokota, furaha ikaisha. Vitovu havijafunga, vingine vina kigaga cheusi kama punje ya pilipili manga. Magoti mekundu, manyoya yamepauka. Ndani ya wiki moja nilifukia wengi. Nikalaumu majogoo, nikamlaumu aliyeniuzia mayai.

Mzunguko uliofuata akaja mtaalamu wa mifugo na kipimajoto cha sikioni, kile cha kupimia watoto homa. Akakigusisha kwenye yai la siku ya 17. Kioo cha mashine kinasema 37.7, ganda likasoma 39.2. Nilikaa chini.

Siku za mwanzo yai linapokea joto kutoka kwenye hewa. Kuanzia kama siku ya 9 au 10, kiinitete kinaanza kutoa joto lake chenyewe, na kila siku kinaongeza. Ikifika siku ya 16 hadi 18, kila yai ni jiko dogo la moto, na umeyabananisha mamia ndani ya sanduku. Feni isipofikisha upepo kila trei, joto halina pa kwenda. Tunachotafuta kwenye ganda ni 37.8 tangu mwanzo. Likicheza kati ya 37.5 na 38.2 sina wasiwasi. Likivuka 38.9 siku za mwisho na kukaa huko, kifaranga hamalizi kunyonya kiini, moyo unabaki mdogo, kitovu hakifungi. Likiwa chini, wanachelewa kutoka na wanakuwa wazito na wavivu.

Namna ya kupima ndiyo inayowashinda wengi. Gusisha ncha ya kipimajoto kwenye kiuno cha yai, pale katikati palipo panene. Usipime upande butu, maana chini yake kuna chumba cha hewa, patasoma baridi kuliko ukweli. Usipime yai lenye jasho, unyevu unapoza ganda. Fungua mlango, pima haraka, funga. Mimi nimeweka alama ya penseli kwenye mayai 15: ya juu, ya katikati, ya chini, ya karibu na feni na ya kona ya nyuma, na kila jioni nayaandika kwenye daftari. Daftari hilo ndilo lililonionyesha kwamba kona ya nyuma ya mashine yangu ina moto kuliko kwingine. Na vile vipimajoto vya kuelekeza kwenye paji la uso, tulivyovizoea wakati wa korona, achana navyo. Vinageuza joto la ngozi kuwa la mwili, namba yake si ya ganda.

Siku za mwisho ukikuta yai moja limepoa kuliko majirani zake, liangalie kwa tochi. Mara nyingi halina mbegu, au kifaranga amefia ndani. Usilijumlishe kwenye wastani, litakudanganya kwamba mashine iko sawa.

Ganda likipanda, shusha mashine kwa digrii 0.1 au 0.2 tu, subiri saa kadhaa, pima tena. Usishushe digrii nzima kwa hofu. Angalia pia matundu ya hewa na chumba chenyewe. Chumba cha bati mwezi wa Desemba hakiwezi kuwa sawa na cha Julai. Kama unaingiza mayai kila wiki, usirundike makubwa, yaani yaliyokaa siku nyingi mashineni, kwenye trei za jirani. Changanya trei ya mayai machanga na ya mayai makubwa, makubwa yatayapasha machanga.

Siku ya 18 unapohamishia kwenye trei za kutotolea, acha kugeuza, pandisha unyevu, na wakishaanza kudonoa usifungue fungue mlango kwa hamu ya kuwaona. Najua ni kazi ngumu kujizuia.

Kipimajoto kilekile usikiweke kabatini. Vifaranga wakishakauka, chukua wachache kutoka trei tofauti uwapime kwenye tundu la haja, ukigusisha taratibu. Kifaranga aliye sawa anasoma 39.4 hadi 40.5. Akizidi hapo, na wenzake wanahema midomo wazi, watoe mapema, waliokauka wasisubiri wenzao.