Sampuli ya mmea dawa huharibika kabla ya kufika maabara

Maabara isipoona chochote kwenye mmea ambao waganga wa Muheza au Pangani wanautumia miaka yote, usikimbilie kusema waganga wanadanganya. Angalia kwanza mmea ulichumwaje, ulikaushwaje na ulilowekwa kwenye nini.

Kibali kwanza: COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa utafiti, na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ukiingia msitu wa hifadhi kama Amani. Kisha utambulisho, kwa sababu jina la kienyeji peke yake halitoshi. Mwarobaini (Azadirachta indica) na mmelia (Melia azedarach) ni wa ukoo mmoja, na asiyewazoea huwachanganya. Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja tu, vijani vikipangana pande mbili za kikonyo kimoja. La mmelia limegawanyika mara mbili au tatu, maua yake ni ya zambarau, na matunda yake ni sumu kwa binadamu. Kwa hiyo kila unapochuma, kata pia tawi lenye maua au matunda, libane katikati ya magazeti, andika namba, tarehe, mahali na jina la mchumaji, kisha mtaalamu wa mimea alithibitishe. Bila tawi hilo hakuna atakayeweza kuirudia kazi yako.

Magome yakatwe kwa kipande cha wima, upande mmoja. Ukilizungusha shina lote, mti unakufa.

Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, na hapo ndipo sampuli nyingi zinapopotea. Magazeti yabadilishwe kila siku. Majani ya kusaga yaanikwe kivulini, tabaka moja, juu ya wavu ulioinuliwa ili hewa ipite chini; jua kali huharibu baadhi ya viambata (kemikali za mmea) na kuyapeperusha mafuta yenye harufu. Yamekauka pale yanapovunjika mkononi. Yakikunjika tu, bado. Ukiyafunga kwenye nailoni yakiwa na unyevu, yataota ukungu, na ukungu una sumu zake, kwa hiyo utapima kitu kingine kabisa. Tumia mfuko wa karatasi.

Muulize mganga anavyoiandaa dawa: mabichi au makavu, maji ya moto au ya baridi, kwa muda gani. Hili si adabu tu. Nchini China, dondoo (vitu vilivyotolewa kwenye mmea kwa kuuloweka au kuuchemsha) za mwanzo za Artemisia annua, mmea wa dawa ya malaria, zilitoa matokeo ya kubabaisha hadi mtafiti Tu Youyou aliporudia andiko la kale lililoagiza mmea ulowekwe na kukamuliwa, bila kutaja kuchemsha. Akatumia etha, kimiminika cha kuyeyushia kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 hivi, na artemisinini, dawa ya malaria, ikapatikana. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobeli.

Kipimo kizuri cha kuanzia: gramu 100 za unga kwa lita 1 ya ethanoli ya asilimia 70, saa 72 ukitikisa mara kwa mara, chuja, kisha vukiza kwa joto lisilozidi nyuzi 40. Ukipata gramu 8 za dondoo, hiyo ni asilimia 8, iandike. Dondoo la maji lisilale nje ya friji, litachacha.

Unapopima bakteria kwa dondoo lililoyeyushwa kwenye DMSO (kiyeyusho, yaani kimiminika cha kuyeyushia), weka kisima kimoja (kishimo cha sahani ya kupimia) cha DMSO tupu kwa kiasi kilekile, na kingine cha antibiotiki inayofahamika. Ukiruka cha kwanza, hutajua bakteria wameuawa na mmea au na kiyeyusho.