Kabla hujanunua filta ya kiyoyozi, fungua kwanza mashine yako

Kiangazi kikikolea na vumbi la barabara za ndani likianza kupanda, watu wa hapa Moshi huniuliza filta ipi ni nzuri. Nami huwauliza: una mashine gani?

Viyoyozi vingi vya majumbani kwetu vina sehemu mbili, moja ukutani na nyingine nje. Inua kifuniko cha ile ya ndani, utakuta wavu mwembamba wa plastiki. Hiyo ndiyo filta, na imetengenezwa ioshwe. Hakuna haja ya kununua nyingine mpaka ichanike au fremu ivunjike. Siku ukienda dukani, beba ile ya zamani pamoja na namba ya modeli iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Usikubali ya kukadiria. Ikiacha nafasi pembeni, vumbi litapita hapo hapo.

Wavu huo hukamata vumbi, nywele na nyuzi za mapazia. Moshi wa mkaa au wa taka zinazochomwa uani hauukamati, kwa sababu chembe zake nyingi hazifiki hata mikroni 2.5 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Hapo ndipo mtu hushawishika kutandika sponji au kitambaa juu ya wavu. Nakusihi, usifanye hivyo. Feni ya mashine ya ukutani haina nguvu ya kuvuta hewa kupitia kitu kizito. Hewa ikipungua, koili ya ndani, yaani mabomba yanayopoza hewa, huganda barafu, ikiyeyuka maji yanachuruzika ukutani, na kompresa, ile pampu ya gesi iliyo nje, inakula umeme huku chumba hakipoi. Kama nyumbani kuna mwenye pumu, nunua mashine ya pekee ya kusafisha hewa yenye filta ya HEPA, inayokamata asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, na hakikisha inatosha ukubwa wa chumba anacholala.

Wavu uliojaa vumbi nao huziba hewa vile vile, na hili linaniuma kwa sababu linawamalizia watu pesa. Jirani yangu wa Pasua aliambiwa na fundi, "Mama, gesi imeisha," akalipa. Baada ya muda chumba kikawa hakipoi tena, akaambiwa hivyo hivyo, akalipa tena. Nilipomwomba tufungue kifuniko, wavu haukuonekana kwa vumbi. Tuliuosha, na jioni ile chumba kikapoa. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua kweli, kuna mahali inavuja, na fundi aoneshe panapovuja kabla ya kuongeza.

Kuosha ni kazi ndogo. Zima umeme kwenye swichi ya ukutani, toa wavu, pitisha maji kutokea upande usio na vumbi ili uchafu usukumwe nje, tia sabuni kidogo. Anika kivulini, jua kali hupinda plastiki. Usiurudishe ukiwa na unyevu, utaleta harufu ya ukungu. Mimi kiangazi huosha kila baada ya wiki mbili, masika mara moja kwa mwezi.

Wenye nyumba kubwa, hasa Arusha, ambazo hewa hupita kwenye mabomba ya darini, hao ndio wanaonunua filta za karatasi. Soma vipimo vya inchi kwenye fremu ya zamani, na mshale uelekee upande hewa inakokwenda. Ubora huandikwa kwa namba ya MERV, ikiwa kubwa zaidi hukamata chembe ndogo zaidi: 8 inatosha kwa vumbi la kawaida, 13 hukamata na sehemu kubwa ya moshi. Kabla ya kupanda hadi 13, muulize fundi kama feni yako inaiweza. Ikiwa sehemu ya kuwekea inaruhusu, filta ya unene wa inchi 4 hupitisha hewa kwa wepesi kuliko ya inchi 1 yenye namba ile ile.

Na kama kiyoyozi chako hupasha joto pia, ukakiwasha baridi ya Juni na Julai, hewa inapita kwenye filta ile ile. Usingoje Januari ndipo uifungue.