Vituo vya Matatu Vimevurugika Kwenye Orodha

SWALI: Habari zenu. Naunda programu ya sacco ya matatu hapa Nairobi kwa Java, Hibernate (maktaba inayounganisha klasi za Java na hifadhidata) na hifadhidata ya PostgreSQL. Klasi ya Njia ina orodha ya vituo: Pangani, Muthaiga, Roysambu, Githurai. Mambo yalikuwa sawa hadi niliporekebisha maelezo ya Muthaiga. Sasa inatokea mwisho, baada ya Githurai. Nikaweka @OrderBy("jina") ili ipange kwa jina, Githurai ikapanda juu. Nifanyeje?
Msomaji, Roysambu

JIBU: Ndugu msomaji, orodha yako haikuwahi kupangwa, ilikaa sawa kwa bahati tu. SQL (lugha ya kuiuliza hifadhidata) isiyo na ORDER BY, yaani agizo la kupanga, haikuahidi mfuatano wowote. Tena PostgreSQL, ukirekebisha safu mlalo, huandika nakala mpya, na mara nyingi nakala hiyo hukaa mahali pengine kwenye jedwali. Ndiyo maana Muthaiga imerudi nyuma.

@OrderBy inafaa pale mfuatano unapotokana na data yenyewe: tiketi kwa muda, madereva kwa jina. Ndani yake andika jina la sifa ya klasi, si la safu wima, na uongeze sifa ya pili ya kuamua thamani zikilingana: @OrderBy("muda, id"). Linalowanasa wengi ni kwamba upangaji hufanyika wakati wa kusoma peke yake. Ukiongeza kitu kwa add(), kitabaki mkiani mpaka orodha isomwe upya kutoka hifadhidata.

Lakini gari la Thika Road halifuati alfabeti. Mfuatano wa vituo umewekwa na mtu, kwa hiyo lazima nao uhifadhiwe. Ondoa @OrderBy, kisha weka @OrderColumn(name = "nafasi"), inayohifadhi mfuatano kwenye safu wima ya nafasi; hizi mbili hazitumiki pamoja. Safu wima hiyo huhesabu kuanzia 0: Pangani 0, Muthaiga 1, Roysambu 2, Githurai 3.

Kabla ya kuwasha programu, jaza namba za vituo vilivyopo tayari. Ukiziacha wazi, Hibernate itagoma; matoleo yake ya zamani yaliandika "null index column for collection". Kama vituo viliingizwa kwa mfuatano, tumia ROW_NUMBER() ya SQL, inayohesabu kuanzia 1, iliyogawanywa kwa njia_id na kupangwa kwa id, utoe 1. Halafu kagua kila njia kwa macho. Hakuna SQL inayojua kwamba Muthaiga iko kabla ya Roysambu.

Na tafadhali, usifute kituo moja kwa moja kwenye hifadhidata. Ukiiondoa Muthaiga huko, nafasi ya 1 inabaki pengo, Hibernate inaijaza null (yaani hakuna kitu), na ukurasa unaosoma majina unaanguka kwa NullPointerException, kosa la Java la kutumia kitu kisichokuwepo. Futa kwa remove() kwenye orodha yenyewe, nayo Hibernate itasogeza namba zilizobaki.

Kusogeza huko kuna gharama. Ukiingiza Ngara kwa add(0, ngara), vituo vyote 4 vinaandikiwa namba mpya. Kwa njia moja si kitu, ila kwa orodha ya maelfu utauona mzigo. Hapo ni afadhali uweke sifa yako ya namba yenye nafasi katikati, 100, 200, 300, ili kipya kiingie kwa 150 bila kugusa vingine, na usome kwa @OrderBy("nafasi"). Ila ile kasoro ya add() inarudi: baada ya kuongeza, ipange orodha mwenyewe kabla ya kuionyesha.