Maswali ya Wasomaji: Kichwa cha Musi, Kichwa cha Nyati

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, naishi Anchorage, Alaska. Nimenunua bunduki ya .338 Winchester Magnum kwa ajili ya musi, yule mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe pana kama beleshi. Jirani yangu hujipakia risasi mwenyewe kwenye gereji yake na amekubali kunifundisha. Yeye anasifu vichwa vyepesi vya risasi, vya greni 180 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), kwa sababu vinakwenda mbio. Dukani wananiambia nichukue greni 250. Nimsikilize nani? Na maganda niliyopewa yameshapigwa mara kadhaa, bado yanafaa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani yako ni mtu wa shabaha za karatasi, nimemjua kwa sifa anazotoa. Karatasi haina mfupa wa bega. Musi dume wa huko anaweza kufika kilo 700, yaani umesimama mbele ya mnyama mwenye uzito wa nyati wetu. Kabla ya kuuliza kichwa kina uzito gani au kinakwenda kasi gani, uliza kimetengenezwaje.

Mwaka 1946 Mmarekani mmoja, John Nosler, alikuwa anawinda musi British Columbia, Kanada, na bunduki ya .300 H&H Magnum. Dume alikuwa amegaagaa, ngozi imeganda tope. Vichwa vya risasi vikapasukia pale pale juu juu, havikufika ndani. Kasi ilikuwepo, tena ya kutosha. Kasi ndiyo iliyovisambaratisha. Nosler akarudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inafunguka, nusu ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kuchimba. Mwaka 1948 akaanza kukiuza kwa jina la Partition, na mpaka leo kinauzwa.

Kwa hiyo kwa .338 yako mimi ningechukua greni 225 za aina hiyo, au vichwa ambavyo madini ya risasi ya ndani yamegandishwa na koti la shaba la nje visiachane. Ni gramu 14 na nusu hivi, na zinatoka mtutuni kwa karibu mita 850 kwa sekunde. Greni 250 si kosa, ila bega lako litalipa, na mwanafunzi anayeogopa teke la bunduki hufumba macho kabla ya kufyatua. Ukipenda vichwa vya shaba tupu, greni 210 zinatosha, kwa kuwa shaba haimeguki njiani. Tena haiachi vipande vya madini ya risasi ndani ya nyama, na Alaska sheria inakutaka uitoe porini nyama yote inayolika. Hizo 180 za jirani, zikiwa laini na zikigonga mfupa kwa karibu, zitakuachia bega zima la damu iliyovilia. Nani atakula hiyo?

Angalizo moja: shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba huwa kirefu kuliko cha madini hayo chenye uzito ule ule, na hula nafasi ya baruti ndani ya ganda. Usihamishe kipimo cha baruti kutoka kichwa kimoja kwenda kingine hata kama uzito ni sawa. Fungua kitabu cha mtengenezaji wa kichwa hicho hicho, anza na kipimo cha chini, panda kidogo kidogo. Komeo la bunduki likianza kuwa zito kuinua, au fataki, kile kidude cha kuwashia baruti kitakoni mwa ganda, ikitoka imebapa na kujaa mpaka ukingoni, umeshapita, rudi chini. Na mezani liwepo kopo moja tu la baruti. Jirani akileta la pili, mwambie alirudishe kabatini.

Sasa maganda, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Ganda la .338 lina mkanda mnene kwenye kitako. Mkanda huo ni urithi wa .375 H&H ya mwaka 1912, ambayo bega lake, pale ganda linapoanza kufinyika kuelekea mdomoni, limelala mno, haliwezi kulizuia ganda lisizame kwenye chemba ya bunduki. Bega la .338 linaweza, mkanda umebaki urithi tu. Lakini wapakiaji wengi hukaza kalibu, kifaa cha kurudishia ganda umbo lake, mpaka chini, bega linasukumwa nyuma kupita kiasi, kisha kila risasi ikilia ganda linavutika mbele kidogo ya mkanda. Ukuta unakonda kwa ndani, kwa nje huoni kitu.

Chukua waya mwembamba, klipu ya karatasi inatosha, ikunje ncha iwe ndoano ndogo na uinoe. Iingize kwenye ganda tupu mpaka chini, kisha ivute taratibu ukiikwaruza ukutani. Ikiteleza, ganda zima. Ikinasa kama imeingia kwenye mfereji, sentimita moja hivi kutoka kitakoni, liponde kwa koleo hapo hapo usije ukalisahau kwenye boksi. Kwa yatakayobaki, rekebisha kalibu isukume bega nyuma kwa milimita 0.05 tu.

SWALI: Nipo Iringa, nina .375 H&H kwa kibali. Risasi za dukani ni ghali. Naweza kuagiza vifaa nijipakie nyumbani? Na kwa nyati nitumie ipi?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Ya Alaska yaache Alaska. Hapa kwetu tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa. Nunua za kiwandani.

Kwa nyati, ya kwanza iwe greni 300 yenye kichwa laini kilichojengwa imara, zinazofuata ziwe za kichwa kigumu kisichofunguka, maana baada ya mlio wa kwanza nyati atakuonyesha makalio, na kichwa laini hakitavuka tumbo lililojaa majani mpaka kifikie mapafu. Ila wakiwa kundini usianze na kigumu: kitamtoboa wako na kumjeruhi wa nyuma yake.