Wasomaji Wanauliza: Ndege mpya banaipimaka namna gani?

Swali: Yaya, jambo. Niko mwanafunzi, naishi Himbi, Goma. Huku tuko juu, karibu metre 1,500, na papa anasemaka ndege ikitoka fasi ya juu inasumbuka kupanda. Sasa kama ndege mpya inatengenezwa kule Ulaya, chini, bale bapiloti ba majaribio banajuaje kama itaweza fasi kama hii? Na siku ya kwanza ni nani anakubali kuingia mu ile kitu?

Jibu: Mudogo, papa anasema kweli. Huku juu hewa ni nyepesi, moteri inapata hewa kidogo na mabawa nayo inakosa nguvu ya kubeba, basi ndege inakimbia mrefu zaidi mbele ya kuinuka, na wewe unajua lava ya 2002 ilimeza kipande ya piste yetu, kwa hiyo hii hesabu inatuhusu kabisa.

Habakisii, banapeleka ndege yenyewe. Airbus A350 iliruka mara ya kwanza Toulouse, Juni 2013, halafu Januari 2014 bakaipeleka Bolivia, kwanza Cochabamba kisha La Paz, na ule uwanja wa La Paz uko zaidi ya metre 4,000! Pale bakaipaisha na moteri yote, tena bakaipaisha kama vile moteri moja imekufa, kusudi ndege ionyeshe itafanya nini. Mwezi wa tano mwaka uleule bakaifungia Florida, Marekani, ndani ya hangari kubwa sana, bakaichoma na joto ya digrii 45 kisha bakaigandisha mpaka 40 chini ya sifuri.

Na ungeingia ndani usingeamini ni ndege ya basafiri. Viti karibu hakuna, ni mapipa ya maji yamepangwa, nyaya kila fasi na meza za mainjinia. Maji njo uzito wa batu, na pampu inayasukuma mbele ao nyuma ndege ikiwa hewani, bapate kuona inakuwaje uzito ukihama. (Mimi hiyo ya mapipa njo naipendaka kuliko yote.)

Sasa nani anapanda? Ile A350 ilibeba batu sita siku ya kwanza, bapiloti na mainjinia, na bale batu habapendi kufa kuliko wewe. Mbele ya kuruka kuna ndege ingine ya kuteswa tu chini: 1995 Boeing ilivuta mabawa ya 777 kwenda juu mpaka yakavunjika, na yalivunjika kwa asilimia 154 ya mzigo mkubwa kabisa ambao ndege ingetarajiwa kukutana nao, wakati sheria inaomba 150. Kisha ile ya kuruka inakimbizwa ku piste, polepole, halafu mbio, breki zinapimwa, njo sasa inapanda.

Swali: Ni kweli kuna ndege piloti haoni mbele? (Msomaji wa Birere)

Jibu: Kweli, X-59 ya NASA, imeruka mara ya kwanza Oktoba 2025 kule California. Pua yake ni ndefu sana ili ikipita mwendo wa sauti isitoe ule mlio wa kupasua masikio, basi kioo ya mbele hakuna, piloti anaangalia skrini yenye inaletewa picha na kamera. Pembeni anaona kawaida.