Jibu: Kliniki ya mbwa peke yake inalipa?

Mdogo wangu, umeuliza kama ukitoka SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, unaweza kufungua kliniki ya mbwa tu hapa Dar na bado ukalipa pango. Inawezekana, ila usitegemee upasuaji. Hela ya kila siku inatoka kwenye chanjo na dawa za minyoo na kupe.

Usajili wa Baraza la Veterinari ufuatilie mapema, hilo halina mjadala. Halafu friji kabla ya meza ya chuma. Chanjo inakaa nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika usiku kucha na hukuweka kipimajoto ndani, asubuhi hujui unamchoma mbwa wa watu chanjo au maji.

Siku zenyewe? Hujafungua vizuri, mama anashuka kwenye bajaji na mtoto wa mbwa kamfunga kwenye kanga, anatapika, anaharisha damu. Unahisi parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, kabla mama hajakaa. Dripu, kumtenga na wenzake, kudeki kwa jiki, maana sabuni ya kawaida haikiui kirusi hicho. Hapo ndipo unasikia: "Daktari, mbwa tu, hela yote hiyo?" Taja bei kabla ya sindano. Kwa upole, lakini taja.

Kupenda mbwa kunasaidia, hasa kwa wale wa getini wanaoletwa na mlinzi anayewaogopa kuliko wewe. Mimi huwaacha wanuse viatu vyangu kwanza. Na wewe mwenyewe uchanjwe kichaa cha mbwa kabla hujapokea mgonjwa wa kwanza.