Soseji za fenesi zinamomonyoka kikaangoni, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Nyegezi, Mwanza. Nyumbani tumeacha nyama, lakini watoto wanalilia soseji, nikaamua kuwatengenezea za fenesi. Nilinunua fenesi lililoanza kunukia, nikalichemsha, nikaliponda pamoja na vitunguu na unga wa udaga (muhogo uliochachuliwa), nikaviringisha na kukaanga. Nje ziliungua, ndani zikawa uji, na nilipozigeuza zikamomonyoka. Nimekosea wapi? Na je, zinatosha kuwa mboga ya watoto badala ya nyama?

JIBU: Marahaba dada. Kosa la kwanza lilianzia sokoni. Fenesi likishaanza kunukia, wanga wake unageuka sukari, na sukari ndiyo iliyoungua nje kabla moto haujafika ndani. Tafuta fenesi changa, gumu, la kijani, lisilo na harufu, ambalo mbegu zake bado ni laini kiasi cha kukatika kwa kisu. Kabla ya kulipasua paka mafuta ya kula kwenye kisu na viganja vyote viwili, maana utomvu wake ukishanata, maji na sabuni haviutoi.

Lichemshe kwenye maji ya chumvi mpaka nyuzi zianze kuachana ukichoma kwa uma. Kisha likamue. Hapa usiwe na huruma: lifunge kwenye kitambaa safi, nyonga mpaka mikono iume, pumzika, nyonga tena. Ukifinya tonge kiganjani lisidondoshe hata tone. Baada ya hapo lichambue kwa vidole, usiliponde. Zile nyuzi ndizo zinazofanya fenesi lifanane na nyama mdomoni, na kinu kinazimaliza.

Sasa suala la kushikana. Nyama hujishika yenyewe: chumvi inavuta protini zake zinakuwa kama gundi, na moto unaigandisha gundi hiyo. Fenesi halina kitu hicho, kwa hiyo lazima ulipatie. Kwa nusu kilo ya fenesi lililokamuliwa, mimi huweka kikombe kimoja cha maharage yaliyochemshwa na kupondwa, kikombe kimoja cha unga wa dengu, vijiko viwili vya mafuta, kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, kitunguu saumu, pilipili manga na binzari nyembamba. Udaga uache kwa ugali. Umechachuliwa, na uchachu wake utasikika kwenye soseji.

Usizipeleke kwenye mafuta zikiwa mbichi. Chukua jani la mgomba, libabue motoni lilainike, fungia soseji humo kama unavyofunga samaki, kisha zipike kwa mvuke dakika 40. Unga wa dengu unaiva na kuganda humo ndani. Halafu ziache zipoe kabisa, ikiwezekana zilale kwenye friji usiku mmoja, kwa sababu wanga uliopikwa hukaza unapopoa. Asubuhi ukiikata moja kati, kisu kitoke safi na kipande kisimame. Hiyo ndiyo ya kukaanga, kwa mafuta kidogo, mpaka ipate rangi tu.

Swali lako la pili ndilo linalonigusa zaidi. Fenesi peke yake si mbadala wa nyama. Gramu 100 zake zina protini kama gramu 2 tu, wakati maharage yaliyochemshwa yana karibu gramu 9. Kwa hiyo maharage na dengu kwenye mchanganyiko huu si vya kushikisha tu, ndivyo vinavyomlisha mtoto. Ukivipunguza ili upate nyuzi nyingi zaidi, umempa kitu kitamu kinachofanana na nyama kwa sura tu.

Tena kuna vitamini B12, ambayo haipo kwenye fenesi, maharage wala mchicha, na mtoto anaihitaji kwa damu na mishipa ya fahamu. Kama mlichoacha ni nyama tu, dagaa mnao hapo hapo soko la Mwaloni, na mayai na maziwa yanasaidia. Kama mmeacha vyote hivyo, naomba sana uende kituo cha afya uulizie vidonge vya B12 vya watoto, usisubiri wadhoofike.

Zilizobaki ziweke kwenye friji na zisizidi siku 3. Usizifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa na kuziacha kabatini, hata kama zimekaangwa vizuri.